Vifaru vya Mbelgiji nje ya Tabora, Novemba 1918: ripoti ya pambano la mezani (na ugomvi wa wapagazi)

#1 Mwamuzi wa Meza

Wakuu, heshima kwenu.

Tarehe 15 Septemba 1916 Waingereza waliingiza vifaru vitani kwa mara ya kwanza duniani, kule Flers, Ufaransa. Siku hiyohiyo huku kwetu jeshi la Mbelgiji kutoka Kongo lilikuwa limeikaba Tabora. Olsen alitokea magharibi akifuata reli, Molitor akishuka kutoka kaskazini upande wa Itaga, na Jenerali Wahle wa Mjerumani alikuwa katikati anahesabu risasi zilizobaki. Tarehe 19 mji ukaanguka. Vita ile ya vyuma na hii ya miguu zilipiganwa wiki moja bila kukutana. Sisi tumezikutanisha juu ya plaiwudi.

Kwa ambao hawajawahi kuona mchezo huu: unachukua meza, unatengeneza ardhi, unapanga majeshi madogo, kila upande unacheza kwa zamu, mwendo unapimwa kwa rula na mapigano yanaamuliwa kwa dadu. Kuna kanuni zilizoandikwa na kuna mwamuzi, ambaye ndiye mimi, na kazi yangu kubwa ni kutukanwa na pande zote mbili.

Meza yetu ni plaiwudi moja nzima, futi nane kwa nne. Sentimita 1 ni mita 50, kwa hiyo meza ina kilomita kama 12 kwa 6, kutoka upande wa Lulanguru hadi miembe ya kwanza ya mji. Reli ni vijiti vya mishikaki vilivyopakwa rangi. Miombo ni vijiti vyenye stili waya ya kuoshea sufuria, iliyochovywa rangi ya kijani. Vichuguu ni udongo wa mfinyanzi, na vipo vingi kwa makusudi, mtanielewa mbele. Mbuga nyeusi ni kitambaa cha koti kuukuu. Vifaru ni viberiti: kiberiti kimoja kwa kiwiliwili, kizibo cha soda juu yake kwa kichwa cha mzinga, na vipande vya tyubu ya baiskeli kwa minyororo.

Sasa historia tuliyoigeuza. Kwenye mchezo wetu, Septemba 1916 mashambulizi ya Mbelgiji yanavunjika Itaga na Lulanguru. (Hata katika historia ya kweli Itaga ilimtoa Molitor damu, kwa hiyo hatujavuta mbali sana.) Wahle haondoki kwenda Iringa. Mstari wa vita unaganda kwenye reli kati ya Usoke na Tabora, Mwingereza anashughulika kumkimbiza Lettow, kamanda mkuu wa Mjerumani, kusini, na miaka miwili inapita. Mwaka 1918 Mfaransa anampa Mbelgiji vifaru vitano aina ya Renault FT.

Kwa nini FT? Kwa sababu ndicho kifaru pekee cha wakati ule ambacho ungeweza kukifikisha Tabora bila uchawi. Kina tani 6.5 hivi na watu wawili ndani. Kifaru kikubwa cha Mwingereza kilikuwa na tani 28 na watu wanane. A7V ya Mjerumani ilikuwa na tani 30 na zaidi, ikibeba watu kumi na nane au zaidi, na zilitengenezwa 20 tu. Kipitishe kitu cha namna hiyo Matadi, upandishe reli, ushushe kwenye boti za mto Kongo, upandishe reli tena, ushushe tena mpaka Kabalo, kisha reli ya Kabalo hadi Albertville, ambayo siku hizi ni Kalemie, halafu uvuke ziwa hadi Kigoma. Utakiacha njiani. FT inapita.

Siku ya pambano ni 12 Novemba 1918. Hapo ndipo utamu ulipo. Ulaya vita vimekwisha jana yake saa tano asubuhi. Huku hakuna anayejua. Nimechanganya kadi moja ya telegramu ndani ya karata za zamu, na hakuna mchezaji aliyejua itatoka lini.

Mbelgiji alichezwa na Mwisho wa Reli, ambaye alikuja na jeshi lake kutoka Kigoma ndani ya boksi la mayai, kwa treni, njia ileile ya Olsen. Alikuwa na vifaru vitano, vitatu vyenye mzinga wa milimita 37 na viwili vyenye bombomu. Nyuma yake batalioni mbili za askari wa Kongo na kete 12 za wapagazi, kila kete watu 50. Mjerumani alichezwa na Mtoto wa Isevya: kampuni nne za askari, rugaruga (wapiganaji wa kienyeji wasio askari rasmi), mizinga miwili ya kizamani inayotoa moshi kama tanuri la mkaa, na mzinga mmoja wa sentimita 10.5 kutoka manowari Königsberg, umefungwa juu ya behewa la wazi. Mizinga ile kumi iliokolewa baada ya manowari kuzamishwa Rufiji mwaka 1915, na mmoja uliwahi kupanda meli ya Götzen pale Kigoma, kwa hiyo kuupa Tabora mmoja si ukarimu uliopitiliza. Kwenye meza yetu unafika popote. Kugonga shabaha ndiyo kazi.

Juu ya hayo nilimpa karakana ya reli. Karakana ya Tabora ndiyo iliyogonga sarafu za dhahabu za rupia 15 mwaka 1916, zile zenye picha ya tembo. Watu walioweza kugonga sarafu katikati ya vita nikaona hawashindwi na kifaru kilichokwama. Kumbukeni hilo.

#2 Mwamuzi wa Meza

Naendelea na pambano lenyewe.

Zamu moja ni dakika 10. Barabarani FT inakwenda sentimita 20, kwenye mbuga kavu 12, kwenye miombo 8. Askari wa miguu kwenye miombo anakwenda 10. Mmesoma vizuri: porini mtu anakipita kifaru. Mwisho wa Reli aliposoma kanuni hiyo alicheka, kisha akaacha kucheka.

Alianza vizuri kupita kiasi. Alipanga vifaru vitatu kusini mwa reli na viwili kaskazini, askari nyuma yao, na akasukuma moja kwa moja. Bunduki za kawaida hazikifanyi kitu kifaru, kwa hiyo mahandaki ya kwanza ya Mjerumani yalibaki matupu ndani ya zamu chache. Mtoto wa Isevya aliondoa watu wake mapema mno nadhani, lakini alikuwa na hesabu zake: alikuwa anawavuta waingie kwenye vichuguu.

Kifaru cha pili upande wa kusini kikapanda kichuguu. Kanuni inasema ukipita penye kichuguu bila askari wa kukuongoza mbele, unarusha dadu, na ukipata moja tumbo la kifaru linakaa juu na minyororo inazunguka hewani. Akapata moja. Wale wawili waliomo ndani wakatoka mbio. Askari wake walikuwa nyuma sana kwa sababu alikuwa amewaacha wasubiri wapagazi wa risasi.

Usiku ukaingia. Usiku kila upande unapewa mambo mawili ya kufanya. Mwisho wa Reli akajaza mafuta vifaru vinne vilivyobaki na akapumzisha watu, akiamini kile kilichokwama kitakuwa palepale asubuhi. Mtoto wa Isevya akatuma rugaruga wazunguke hadi nyuma ya Usoke kukata waya wa simu, na akatuma kete ya karakana kwenye kichuguu na majembe na mataruma. Alihitaji tano au sita. Akapata tano.

Asubuhi ya tarehe 13 Tabora ilikuwa na kifaru. Mafuta nusu tangi, risasi zilizokuwemo na hakuna zaidi.

Akakificha nyuma ya miembe kwenye njia ya msafara, ile iendayo Ujiji, akiwa amekichorea msalaba kwa kalamu ya wino kwenye kizibo. Vifaru viwili vya kaskazini vikaja vinakata mbuga kuelekea stesheni. Akaviacha vipite. Wakati vyote viwili vimempa mgongo, mita 300, akafyatua. Mbele ya FT unahitaji sita ili kutoboa. Nyuma, ambako kuna injini na tangi, unahitaji nne. Akapata nne. Kikaungua. Watu watatu mezani walisimama, na mimi niliyepaswa kuwa mtulivu nilikuwa mmoja wao.

Kile cha pili kilikuwa cha mzinga pia, na kwa kuwa FT ina kichwa kinachozunguka pande zote hakikuhitaji kugeuka mzima. Kikapiga mara tatu, usoni kwa adui, sita inahitajika. Ikatoka mbili, tano, tatu. Hapo karata ya mvua ikatoka.

Mbuga ikilowa, mwendo unashuka hadi sentimita 4 na kila zamu unarusha dadu kuona kama umenasa. Kifaru cha kaskazini kikanasa. Vile viwili vya kusini, vyote vya bombomu na cha mzinga kimoja... hapana, ngoja niandike vizuri: kusini walibaki wawili, vyote vya bombomu, na bombomu haitoboi kifaru. Vikawa vinapiga kelele tu. Kimoja kikaishiwa mafuta kabla ya kufika kwenye reli, kwa sababu kete nyingi za wapagazi asubuhi ile zilikuwa zimebebeshwa risasi za milimita 37, risasi ambazo vifaru vilivyobaki kusini havikuwa na mzinga wa kuzipiga.

Mzinga wa Königsberg ukaanza kukitafuta kile kilichonasa. Mara ya kwanza hewa. Mara ya pili hewa. Na kabla ya mara ya tatu nikafunua karata: TELEGRAMU. Vita vimekwisha.

Kanuni inasema habari inafika kwa upande wenye waya mzima. Waya wa Mbelgiji ulikatwa usiku nyuma ya Usoke. Waya wa Mjerumani haupo, amezingirwa. Kwa hiyo telegramu ilifika Kigoma na ikalala Kigoma. Mezani wakaendelea kupigana, na mpigo wa tatu wa Königsberg ukatoa sita.

Picha nitapandisha. Sasa jambo ninalotaka tujadili si nani mshindi. Mwisho wa Reli anataka kanuni ya wapagazi iondolewe kwenye pambano lijalo, anasema inaua mchezo wa vifaru. Mimi nasema mchezo wa vifaru hapa Unyamwezi bila wapagazi bora tuuhamishie Ufaransa. Karibuni.

#3 Mwisho wa Reli

Asante mwamuzi kwa ripoti nzuri, ingawa kalamu yako imeegemea nyumbani.

Wakuu nisikilizeni na mimi. Nimebeba vifaru vitano kwenye boksi la mayai kutoka Kigoma, nimevilinda na watoto, nimevilinda na mizigo ya watu, nafika naambiwa nihesabu madebe. Zamu nzima naandika kwenye daftari: kete hii maji, kete hii mafuta, kete hii unga. Huo ni mchezo wa vifaru au duka la jumla? FT ina mkia nyuma, inavuka handaki la mita 1.8, imetengenezwa kuvunja mistari. Mezani ilivunja mistari. Halafu ikafa kwa sababu mtu wa madebe hakufika.

Na hiyo telegramu nitaisemea baadaye, sijapoa.

#4 Mtoto wa Isevya

Pole mtani. Ungekuja na boksi la wapagazi.

#5 Viberiti Vyenu

Yaani watu wazima na ndevu zenu mnachezea viberiti na vizibo vya soda. Nchi hii ina mambo.

#6 Mzee wa Kete

#5 kijana, wewe ukipita kijiweni ukakuta wazee wanacheza bao unawaambia wanachezea mbegu? Bao lina kete 64, lina nyumba, lina mtaji, lina kula na kulala, na nimeona watu wakikosana mwaka mzima kwa sababu ya takata. Hawa nao wana bao lao, tofauti ni kwamba lao lina reli. Kaa uangalie au pita.

Mwamuzi, swali moja. Hizo mara tatu za kifaru cha Mbelgiji alipohitaji sita, alilalamika sana? Maana uwezekano wa kupata angalau sita moja kwa kurusha mara tatu ni kama 42 kwa mia. Si bahati mbaya ya kulilia. Ni zaidi kidogo ya nusu kwamba angekosa.

#7 Mwamuzi wa Meza

Alilalamika, mzee wangu. Alirusha dadu kwenye kikombe akasema lina kasoro. Tukalijaribu hapohapo, likatoa sita mara mbili mfululizo. Hali ikawa mbaya zaidi.

#8 Msoma Ramani

Nimefuatilia kimya, sasa nataka kuuliza mambo ya kihistoria maana hapo ndipo sijaridhika.

Kwanza, ziwani. Mwaka 1918 Götzen ilikuwa chini ya maji. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi, wamezipaka injini zake grisi, na Waingereza waliitoa mwaka 1924 ndipo baadaye ikawa Liemba. Vifaru vilivukaje?

Pili, na hili ni kubwa zaidi: Tabora ingeishije miaka miwili? Dar es Salaam ilianguka Septemba 1916, Mwanza ilikuwa imeshachukuliwa tangu Julai, na Crewe, jenerali wa Mwingereza, alikuwa anashuka kutoka huko. Reli imekatwa pande zote. Wahle anakula nini?

#9 Mwamuzi wa Meza

Swali la kwanza jepesi. Kifaru cha tani 6.5 hakihitaji meli kubwa. Tishari la kuvutwa linatosha, na Mbelgiji alikuwa na bandari yake ng'ambo. Ningekuwa nimempa kifaru cha tani 28 ungekuwa umenibana.

La pili ni zito. Jibu langu ni kwamba Lettow mwenyewe aliishi mpaka Novemba 1918 bila reli wala bandari, anazunguka. Chakula kilitoka kwa wananchi, kwa kununuliwa, kwa hati zisizolipwa au kwa kuporwa. Tabora ina mtama, ina ng'ombe, ina asali, ina karakana. Jeshi lingeishi. Wanavijiji walioizunguka Tabora ndio sijui wangeishije, na kwenye mchezo tumeliweka hilo: kila Mjerumani anapochukua kete ya chakula kijijini, rugaruga wake wanapungua uaminifu. Mtoto wa Isevya alikuwa amebakiza kete mbili tu za rugaruga siku ya pambano, na ndizo alizotuma Usoke.

#10 Msoma Ramani

Hapo kwa rugaruga nimekukubali. Kwa Crewe bado. Mwingereza asingemwachia Mbelgiji Tabora miaka miwili, walikuwa wanagombania nani afike kwanza. Lakini sawa, meza ni yenu.

#11 Mwalimu wa Zamu

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi nafundisha historia sekondari, mkoa huuhuu, na nimesoma uzi huu kuanzia juu. Naomba kuuliza kitu ambacho wanafunzi wangu wangeniuliza dakika ya kwanza: hapo mezani sisi ni akina nani? Huyu ni Mbelgiji, yule ni Mjerumani. Mnashangilia mkoloni gani?

Siulizi kwa ubaya. Nataka kuutumia darasani, na nikiuleta hivi watagawanyika nusu timu Ubelgiji nusu timu Ujerumani, na hilo litanikera.

#12 Mwamuzi wa Meza

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi, na kama hujanizidi basi habari za kazi.

Umeweka kidole palepale ninapogombana na Mwisho wa Reli. Ukiangalia meza yetu, Wazungu wote kwa pamoja hawajai kiganja. Askari ni Waafrika pande zote mbili. Na walio wengi kuliko wote ni wapagazi. Kete 12 za upande mmoja tu ni watu 600, kwa ajili ya vifaru vitano ambavyo vina watu kumi ndani.

Nikupe hesabu ya darasani. Tangi la FT ni kama lita 95. Debe la petroli ni lita 18, kwa hiyo madebe matano na kitu. Mzigo wa mpagazi ni kilo 25 hadi 30, yaani sanduku moja la madebe mawili. Watu watatu kwa kujaza kifaru kimoja mara moja, na hicho kifaru kinatembea kwa muda wa saa nane hivi halafu kinataka tena. Ongeza maji ya rejeta kwenye jua la Novemba. Ongeza risasi. Sasa ongeza chakula chao wenyewe: mtu anakula karibu kilo moja ya nafaka kwa siku. Ukimtuma mwendo wa siku kumi kwenda na kumi kurudi, amebeba kilo 27, amekula 20. Amefikisha 7. Ndiyo maana majeshi yale yalikusanya watu kwa maelfu, kwa nguvu, na ndiyo maana walikufa kwa maelfu, wengi kwa njaa na kuhara bila kuona adui.

Mwambie mwanafunzi achague upande wa wapagazi. Kanuni ipo: mchezaji wa tatu anawashika wao, lengo lake ni kuondoa kete nyingi kadiri awezavyo mezani zikiwa hai. Wakipigwa na mzinga wanaweka mzigo chini na kuingia porini, na hakuna dadu ya kuwarudisha siku hiyo. Hatujawahi kupata mtu wa kuucheza upande huo, kila mtu anataka kifaru.

#13 Mwalimu wa Zamu

Marahaba, nimekuzidi, naona kwa uandishi wako.

Huo upande wa tatu nitauchukua mimi. Nipe kanuni zote kwa maandishi. Na wazazi wa huku wengine wana majina ya ukoo yaliyotokana na safari hizo za mizigo, wanafunzi watakuwa na la kusema nyumbani.

#14 Mwisho wa Reli

Mwalimu ukichukua upande huo mimi nimekwisha. Sasa wapagazi watakuwa na akili.

#15 Chuma Chakavu

Kwa nini msimpe Mjerumani ile bunduki kubwa ya kutobolea vifaru ya 1918, ya milimita 13? Ingemaliza FT zote kabla ya kichuguu. Mimi ningecheza hivyo.

#16 Mtoto wa Isevya

Niliomba, nikanyimwa. Mwamuzi anasema ingefikaje, pwani imefungwa. Nikamwambia ilifika meli ya Marie pale Sudi mwaka 1916. Akasema hiyo ni 1916. Nikamwambia kuna ile ndege kubwa ya gesi, Zeppelin L59, iliyotoka Bulgaria Novemba 1917 kumletea Lettow vifaa. Akasema iligeukia Sudan ikarudi. Nikaishiwa.

Ila kwa kweli nilifurahi kunyimwa. Ningekuwa nayo nisingechimba kichuguu usiku.

#17 Chuma Chakavu

Basi pambano lijalo wekeni Lukaya, kule Uganda, vita vya Kagera, Machi 1979. Vifaru vya kweli, T-55 za Mlibya na vya kwetu vya Kichina. Historia mbadala: Walibya hawasimami Lukaya usiku ule wa tarehe 10, wanaendelea kusonga Masaka.

#18 Mwamuzi wa Meza

Hiyo hapana, si kwangu. Waliokuwa Lukaya wapo mitaani kwetu, wengine ni baba zetu. Siwezi kurusha dadu kuona kama mzee wa jirani alikufa au hakufa. Akitaka mmoja wao aje ashike rula mwenyewe, hapo tutazungumza.

#19 Mzee wa Kete

Umesema vema.

#20 Mwisho wa Reli

Nimepoa sasa. Hoja yangu ya telegramu.

Kadi imeandikwa hivi, nimeipiga picha: "Habari inafika kwa makao makuu ya upande wenye waya mzima." Makao makuu yangu yako Kigoma, si Lulanguru. Waya kutoka Kigoma kwenda ng'ambo haukuguswa. Kwa hiyo upande wangu ULIPATA habari. Vita vilikwisha kwangu zamu ileile. Sita ya Königsberg imepigwa baada ya amani, na kifaru changu cha kaskazini ni hai, kimenasa tu, kitatolewa mvua ikikatika. Vifaru vilivyopotea ni kimoja kilichoungua na kimoja kilichoibwa. Vitatu vipo. Mshindi ni mimi kwa pointi.

#21 Mtoto wa Isevya

Kimoja kilichoibwa! Kilitekwa.

Na amani haiingii kwenye handaki kwa sababu karani wa Kigoma kaisoma. Lettow mwenyewe alipata habari tarehe 13 kwa sababu watu wake walimkamata Mwingereza wa pikipiki aliyebeba telegramu. Kabla ya hapo alikuwa anapigana, na waliokufa asubuhi hiyo wamekufa. Mwenye waya uliokatwa ni jeshi lako lililo mezani, na meza ndiyo inayohesabiwa.

#22 Msoma Ramani

Naona Mtoto wa Isevya yuko sahihi kwa historia na Mwisho wa Reli yuko sahihi kwa maandishi ya kadi.

#23 Mwamuzi wa Meza

Nimesoma pande zote, na nimeiangalia kadi. Uamuzi:

Sita inabaki, kifaru cha kaskazini kimepigwa. Kadi inazungumzia habari kufika, haizungumzii bunduki kunyamaza. Pointi za zamu zile mbili baada ya telegramu zinahesabiwa kwa Mtoto wa Isevya, lakini kila askari aliyeondolewa mezani ndani ya zamu hizo anahesabiwa hasara mara mbili kwa aliyemuua, kwa kuwa ameuawa wakati wa amani. Nimepiga hesabu: Tabora inashinda kwa pointi moja.

Kuanzia pambano lijalo telegramu ikitoka kunakuwa na kete ya tarishi. Inaanzia ukingo wa meza, inatembea sentimita 13 barabarani, na adui akiikamata anaruhusiwa kuisoma.

Wapagazi wanabaki. Nitakachopunguza ni daftari: badala ya kuandika kila zamu, utaweka punje juu ya kete, hindi kwa chakula, haragwe kwa mafuta, mchele kwa risasi, na maji ni kokoto. Ukiangalia meza unajua.

#24 Mwisho wa Reli

Pointi moja naikatia rufaa, na rufaa itasikilizwa Kigoma. Nyumbani kwangu kuna meza, safari hii reli inaanzia Malagarasi na daraja limevunjwa, tuone nani atabeba nini. Mwalimu aje na wapagazi wake. Mtoto wa Isevya aje na hicho kifaru changu, na huo msalaba wa wino aufute kabla ya kupanda treni.

#25 Mtoto wa Isevya

Haufutiki. Kalamu ni ile ya kuandikia magunia ya tumbaku.